Uliza Mwalimu wa Hesabu: kosa kwenye DNA na aljebra inayolikamata

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi sana kwamba mtu anaweza kuandika ujumbe kwa herufi za DNA, na herufi moja ikisomwa vibaya hesabu yenyewe inamwambia ni ipi na ilikuwa ipi. Basi maswali yakaja, mengi ya Lamu na Malindi, na mengine ni mazuri mno huwezi kuyajibu kwa mstari mmoja, kwa hivo ukurasa wa leo wote nimeupa mada hiyo.

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu, shikamoo. Niko Langoni hapa Lamu, nimemaliza fomu foo nangoja chuo. Niliposoma kuwa herufi za DNA ni nne tu, A, C, G na T, nikazipa namba 0, 1, 2, 3 nikafanya hesabu ya mabaki ya nne, yaani ikifika 4 inarudi 0. Ujumbe wangu ni herufi tatu, halafu naongeza mbili za kukagua, ya kwanza nimejumlisha zote tatu, ya pili pia nimejumlisha lakini kila moja nimeizidisha kwanza kwa nafasi yake, 1, 2, 3. Makosa mengine nayapata vizuri, mengine yananipa majibu mawili na sijui lipi la kweli. Shida iko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Kwanza ujue kwamba ulivofikiria ni vizuri sana, hesabu moja ya kuonyesha ukubwa wa kosa na nyingine ya kuonyesha mahali pake, huo ndo mlango alopitia Richard Hamming alipochapisha misimbo yake ya kurekebisha makosa mwaka 1950 akiwa Bell Labs kule Marekani, ila yeye alishughulika na 0 na 1 za kompyuta.

Shida yako ni ile 2. Kwenye mabaki ya nne, 2 mara 2 ni 0, yaani namba mbili ambazo si sifuri zimezidishwa zikapotea kabisa. Chukua kosa lenye ukubwa wa 2. Likiwa nafasi ya kwanza hesabu yako ya pili inatoa 2 mara 1, ambayo ni 2, likiwa nafasi ya tatu inatoa 2 mara 3, ambayo ni 6, na 6 kwenye mabaki ya nne ni 2 tena. Ndo majibu mawili hayo unayoyaona. Ili ujue nafasi ilibidi ugawe hesabu ya pili kwa ya kwanza, na kwenye mabaki ya nne hakuna kugawa kwa 2. (Wapo watu wanaotengeneza misimbo ya DNA kwa mabaki ya nne na inafanya kazi, lakini wanapita njia ndefu zaidi, wewe anza na hii nyepesi.)

Tunachotaka ni vitu vinne vinavyojumlishika, vinavyotoleka, vinavyozidishika, na kila kisicho sifuri kiweze kugawa. Seti kama hiyo huitwa fildi. Fildi ya vitu vinne ipo na ni moja tu kwa umbo lake, na tunaijua kwa kazi ya Évariste Galois, kijana wa Ufaransa aliyefariki 1832 akiwa na miaka 20, mdogo hivo na mpaka leo simu zetu zinakula matunda yake.

Sasa toa karatasi, na namba ziweke kando kabisa, tumia herufi zenyewe. A ndo sifuri, ukiijumlisha na herufi yoyote ile herufi haibadiliki, na ukizidisha kwa A unapata A. T ndo moja, ukizidisha kwa T herufi inabaki vile vile. Kujumlisha: herufi na yenyewe inakuwa A, yaani T+T=A, C+C=A, G+G=A, na ukichukua mbili tofauti kati ya T, C na G unapata ile ya tatu, T+C=G, T+G=C, C+G=T. Kuzidisha: C×C=G, G×G=C, C×G=T. Jedwali lote limekwisha hapo. Na kwa kuwa herufi ikijijumlisha inakuwa A, kutoa na kujumlisha ni kitu kimoja, hakuna hasi ya kukuhangaisha.

Tuseme ujumbe wako ni C A T. Herufi ya kukagua ya kwanza ni jumla ya zote tatu, C+A+T=G. Ya pili unazidisha kwanza, herufi ya kwanza kwa T, ya pili kwa C, ya tatu kwa G, halafu unajumlisha: C×T ni C, A×C ni A, T×G ni G, na C+A+G=T. Neno kamili ni CATGT. Haya, mashine ikalisoma CGTGT, ile A ya pili imegeuka G, na anayepokea hana habari. Anajumlisha herufi tatu pamoja na ile ya nne, C+G+T+G, inatoka G. Kama hakuna kosa ingetoka A, kwa hivo kosa lipo na ukubwa wake ni G. Anakwenda hesabu ya pili, C×T ni C, G×C ni T, T×G ni G, anaongeza ile T ya mwisho, C+T+G+T, inatoka T. Sasa ajiulize, G niizidishe kwa nini nipate T? Jedwali linasema C, na C ndo kizidisho cha nafasi ya pili. Kosa liko nafasi ya pili! Anatoa G kwenye ile G, inakuwa A, neno limerudi CATGT na hakuhitaji kutazama orodha yoyote wala kumuuliza aliyeandika. Hesabu ya kwanza ikitoka kitu na ya pili ikitoka A, kosa liko herufi ya nne, na ikiwa kinyume chake liko ya tano.

Na hiki ndo kinachonipendeza zaidi ya vyote. Ujumbe wa herufi tatu ziko 64. Kila neno kamili la herufi tano lina majirani 15 wanaotofautiana nalo kwa herufi moja, nafasi tano na kila nafasi mbadala tatu. Neno na majirani zake ni 16, na 16 mara 64 ni 1024. Na maneno yote ya herufi tano yanayowezekana ni 4×4×4×4×4, nayo ni 1024. Hakuna lililobaki nje na hakuna lililogombaniwa na wawili. Ila kumbuka, makosa mawili kwenye neno moja msimbo huu hauyawezi, utakupeleka kwenye neno lingine kabisa bila kukuonya, ukitaka kukamata mawili uongeze herufi za kukagua.

SWALI: Mwalimu habari, mimi nafanya kazi maabara Malindi, ya kawaida tu si ya kusoma DNA, lakini mambo haya nayafuatilia. Ninavojua uzi mmoja wa DNA unashikana na mwenzake, A na T, C na G, tena unashikana kinyumenyume. Sasa kama watu wanatengeneza vipande vifupi vya DNA wavitumie kama lebo za sampuli, si vitashikana vyenyewe kwa vyenyewe? Hiyo aljebra inalijua hilo au inahesabu tu hewani?

JIBU: Dada, swali hili limenifurahisha mno manake linagusa pale hesabu na kemia zinapokutana. Na hofu yako ni ya kweli, kipande kikikutana na kingine kinachokaribia kufanana na kijalizo chake cha kinyumenyume (kijalizo ni mwenzake wa uzi wa pili, A kwa T, C kwa G) kitanata pasipotakiwa na kazi itaharibika. Kwa hivo tunataka maneno yawe mbali baina yao, yaani yatofautiane kwa herufi nyingi, na pia yawe mbali na kijalizo cha kila mmoja kilichogeuzwa nyuma mbele.

Rudi kwenye jedwali la kujumlisha hapo juu uongeze T kwenye kila herufi. A+T=T. T+T=A. C+T=G. G+T=C. Umeona? Kumpata mwenzake kwenye uzi wa pili ni kuongeza T, basi. Jambo hili linatoka kwa sababu A ndo sifuri, na mbili tofauti kati ya T, C na G zinatoa ile ya tatu. Kwa hivo kijalizo cha neno zima la herufi tano ni neno hilo kuongeza TTTTT, na kama TTTTT yenyewe ni neno la msimbo, kijalizo cha kila neno kitakuwa ndani ya msimbo vile vile, manake msimbo wa aina hii maneno yake ukiyajumlisha hayatoki nje.

Msimbo niliompa yule kijana wa Langoni TTTTT haimo, jaribu utaona herufi ya mwisho inataka kuwa A. Kwa kazi yako chukua huu mwingine. Andika TCTAA, isukume hatua moja kulia upate ATCTA, isukume tena upate AATCT. Kila moja ya hayo matatu unaweza kuizidisha kwa herufi yoyote halafu ukajumlisha, na unapata maneno 64, kila mawili yanatofautiana kwa herufi tatu au zaidi, nguvu ile ile ya kurekebisha kosa moja. Wanahesabu wanaiita misimbo ya mzunguko, manake neno lolote ukiizungusha herufi ya mwisho ikaja mwanzo bado ni neno la msimbo. Mbegu yake, yaani ile TCT iliyo mwanzo wa TCTAA, ukiiandika kwa x ni polinomia x²+Cx+T, na imechaguliwa kwa sababu inagawa x⁵+T bila kubakisha kitu.

Tazama sasa hiyo mbegu, TCT, mbele ni TCT na nyuma ni TCT. James Massey alionyesha mwaka 1964 kuwa mbegu ikiwa hivo basi neno lolote ukiligeuza nyuma mbele linabaki ndani ya msimbo. Na TTTTT nayo imo: chukua TCTAA, ongeza ATCTA iliyozidishwa kwa G ambayo ni AGTGA, ongeza AATCT, jumlisha nafasi moja moja utaiona inatoka. Basi ukigeuza neno na ukachukua kijalizo, hutoki. Mfano TCTAA, nyuma mbele ni AATCT, kijalizo chake ni TTAGA, na TTAGA ni neno la msimbo.

Utasema, sasa si ndo hatari yenyewe, adui umemweka ndani ya nyumba? Hapana, ndo tumemshika. Maneno 64 yanakaa wawili wawili, neno na kijalizo chake cha kinyumenyume, na haiwezekani neno likawa kijalizo cha lenyewe kwa sababu herufi ni tano, ile ya katikati ingebidi iwe mwenzake yenyewe na hakuna herufi ya namna hiyo. Unachukua mmoja kwa kila jozi, unabaki na maneno 32, na yoyote uliyoyachukua yako mbali kwa herufi tatu au zaidi na vijalizo vyote, cha kwake na cha wenzake, bila kupima jozi moja moja kwa kompyuta.

Kwa kazi halisi herufi tano ni chache, na pia wanaangalia C na G zisizidi wala zisipungue sana manake zinashikana kwa nguvu kuliko A na T, wanajaribu ziwe karibu nusu ya neno. Lebo za aina hii si ndoto, mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha lebo za herufi nane zilizojengwa kwa msimbo wa Hamming ili wachanganye sampuli mamia kwa mamia kwenye mashine moja na bado wajue ipi ni ya nani. Wao waliandika kila herufi kwa biti mbili, yaani tarakimu mbili za 0 au 1, na hapo mimi naona fildi ya herufi nne ni bora, kwa sababu herufi moja ikisomwa vibaya inaweza kugeuza biti zote mbili na msimbo wa kosa moja ukashindwa. Na jirani yako tu hapo Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, jenomu za virusi vya korona zilisomwa, kwa hivo kazi ya kusoma DNA huhitaji kupanda ndege kuiona.

SWALI: Nauliza kutoka Watamu. Je herufi isipobadilika ila ipotee kabisa? CATGT ikawa CTGT?

JIBU: Hapo ndugu yangu yote niliyoandika juu yanaanguka. Herufi moja ikipotea zote zinazoifuata zinasogea, na hesabu inaziona kama zimekosewa karibu zote. Na mashine za kusoma DNA kwa kupitisha uzi kwenye kitundu chembamba hufanya sana makosa haya, hasa herufi moja ikijirudia mara nyingi mfululizo.

Dawa ilitoka Umoja wa Kisovieti. Varshamov na Tenengolts walitunga msimbo 1965 kwa aina nyingine ya kosa, na Vladimir Levenshtein akaonyesha kuwa msimbo ule ule unarudisha herufi moja iliyopotea. Nakupa kwa 0 na 1, urefu wa nne. Kila palipo na 1 andika namba ya nafasi yake, jumlisha, na neno linakubaliwa ikiwa jumla inagawanyika kwa 5. Yanapita manne: 0000, 1001 kwa sababu 1+4=5, 0110 kwa sababu 2+3=5, na 1111 kwa sababu jumla ni 10. Sasa futa herufi moja popote. 0000 inakuwa 000 tu. 1001 inakuwa 001, 101 au 100. 0110 inakuwa 110, 010 au 011. 1111 inakuwa 111. Hesabu, ni nane, ndo maneno yote ya herufi tatu yaliyopo, na kila moja lina mzazi mmoja tu, kwa hivo ukipokea 101 unajua ilikuwa 1001. Tenengolts mwenyewe aliipanua 1984 ifae alfabeti yenye herufi zaidi ya mbili, na hapo ndo DNA inaingia.

Herufi mbili zikipotea kwenye neno moja ni kazi ngumu zaidi, na utafiti wake unaendelea mpaka sasa.

SWALI: Mwalimu, mwili wetu wenyewe unatumia msimbo kama huu? Nauliza kutoka Maweni, Malindi.

JIBU: Herufi za kukagua kama zetu, za kuhesabu, hapana. Kuna ziada, herufi tatu tatu zinatoa mafungu 64, matatu ni ya kusimamisha na 61 yaliyobaki yanaitisha asidi amino (vijenzi vya protini) 20 tu, kwa hivo kosa la herufi ya tatu mara nyingi halidhuru. Lakini hilo ni kupunguza madhara, kosa lenyewe halirekebishwi hapo. Anayerekebisha ni uzi wa pili, upande mmoja ukiharibika vimeng'enya vinasoma mwenzake vikajua palikuwa na nini, na waliofumbua kazi hiyo, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Nobel ya kemia 2015.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu mzima wa Mkomani, Lamu. Nyumbani tuna makaratasi ya wazee wetu, ya hati za Kiarabu, mengine ya Kiswahili, na unyevu wa bahari na wadudu wanayamaliza. Mjukuu ananambia siku hizi maandishi huwekwa ndani ya DNA yakakaa maelfu ya miaka. Ni kweli au ni mambo ya intaneti?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, mjukuu hakukudanganya. Mwaka 2012 George Church na wenzake waliandika kitabu kizima kwenye DNA, na 2013 Nick Goldman na wenzake kule Uingereza wakaweka mashairi 154 ya Shakespeare na kipande cha sauti ya Martin Luther King.

Wanaokuhusu zaidi ni Robert Grass na wenzake wa Zürich, Uswisi. Mwaka 2015 walihifadhi mkataba wa nchi yao wa 1291 pamoja na maandishi ya Archimedes, DNA wakaifungia ndani ya chembe za kioo, na wakatumia msimbo wa Reed na Solomon wa 1960, ule ule wa CD na wa ile miraba ya QR mnayopiga picha dukani. Ningependa mjukuu asikie walivyochagua fildi yao. Walitaka herufi moja isijirudie zaidi ya mara tatu mfululizo, kwa hivo walichukua mafungu ya herufi tatu ambayo mbili za mwisho hazifanani, na hayo ni 4×4×3, sawa na 48. Lakini vitu 48 haviwezi kuwa fildi. 47 ni namba tasa, kwa hivo mabaki ya 47 ni fildi kamili yenye kugawa, basi wakaliacha fungu moja wakabaki na 47. Halafu waliipika ile DNA nyuzi joto 70 kwa wiki moja na ujumbe ukatoka mzima bila kosa hata moja.

Wao walipiga hesabu kuwa joto lile ni sawa na miaka 2000 ya kukaa Ulaya ya kati. Ulaya ya kati, mzee wangu, na Lamu si Ulaya, joto letu linaharakisha kuharibika kwa hivo miaka hiyo usiihesabu kama yetu. Tena kuandika DNA bado ni ghali sana kwa familia. Makaratasi yenu yapigwe picha za kuonyesha kila herufi mwezi huu huu, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na yale yaliyoliwa pembeni, nakala ziwekwe kwa watu watatu wanaoishi miji tofauti, na karatasi zenyewe zikae pakavu zisibanwe na plastiki. Picha zikishakuwa salama, siku kuziandika kwa DNA kutakapokuwa rahisi, vijana watachukua zile zile picha.